Kotesheni zetu za safari zinaishia kwenye spamu za wageni: tatizo ni maneno, seva au domeini?

MamaUtalii_AR:

Wakuu, habari za jioni.

Nina kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, ofisi iko Sakina, tuko watu wanne. Kazi yetu kubwa ni kupandisha wageni Kilimanjaro kwa njia za Machame na Lemosho, na safari za Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Wageni wengi ni Wajerumani, Waholanzi na Wamarekani. Mgeni anajaza fomu kwenye tovuti, tunamtumia kotesheni ya PDF, tunavutana bei kidogo, analipa asilimia 30 ya kutangulia, tunaonana uwanja wa ndege wa KIA. Yote hayo yanapita kwenye imeili.

Sasa imefika mahali tunatuma kotesheni na hatupati jibu. Nikimfuata mgeni WhatsApp ananiambia hajapokea kitu. Akienda kuchungulia kwenye spamu anaikuta imelala huko wiki nzima. Mama mmoja wa Utrecht alishachukua kampuni nyingine, akaniambia alidhani hatuitaki biashara yake. Familia ya watu sita, Serengeti katikati ya msimu. Mlio kwenye hii kazi mnajua hiyo ni hela gani.

Mazingira yetu yako hivi. Domeini ni .co.tz, tunayo tangu tulipofungua ofisi. Tovuti (WordPress) na imeili vyote viko kwenye kampuni moja ya hapa nchini, kifurushi cha bei nafuu chenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti na imeili). Kuna jarida la kila mwezi kwa wageni wa zamani na maajenti, hilo linatoka kwenye huduma ya nje ya kutuma imeili nyingi kwa mpigo. Barua nyingine zinarudi kabisa. Iliyorudi juzi kutoka Gmail ina namba 550-5.7.26 na maelezo marefu ya Kiingereza kwamba mtumaji hajathibitishwa. Ya Hotmail ina neno S3150.

Fundi wetu wa tovuti anasema tutoe maneno kama "free", "discount" na "book now", tuache herufi kubwa na alama za mshangao. Tumetoa yote, kotesheni sasa inasomeka kama hati ya mahakama, na bado inaingia spamu. Mwingine kaniambia .co.tz inaogopwa Ulaya, ninunue .com mpya nianze upya. Kuna ukweli hapo? Na nianzie wapi kabla sijatoa hela?

Natanguliza shukrani.

Chalii_wa_Kijenge:

Dada, hayo yote ya nini? Fungua Gmail ya kawaida, jinalakampuni@gmail.com, tuma kazi. Mimi nakodisha magari, natumia hiyo miaka yote na wazungu wananijibu.

Bandarini_Msa:

Salamu kutoka Mombasa. Sisi tuko kwenye kutoa mizigo bandarini, na taabu kama hii imetukuta. Hati ya shehena ikichelewa kumfikia mteja, kontena inakaa, na kila siku ya ziada ina gharama yake, kwa hivyo nakuelewa dadangu. Tulihamisha masanduku ya barua kwa Google, tunalipa kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Zikaanza kufika. Ila si rahisi mfukoni, na hata baada ya kuhama kuna za mfumo wetu wa ankara ziliendelea kupotea hadi sasa. Nafuatilia uzi huu na mimi nijifunze.

fundi_seva:

Dada MamaUtalii, pole kwa hiyo familia ya Utrecht.

Nianze na fundi wako, maana ushauri wake umekula muda wako bure. Vichujio vya zamani vilikuwa vinahesabu maneno, ni kweli. Leo Gmail na Outlook wanaanza kuuliza nani ametuma, na kama hawapati jibu hawahangaiki sana na ulichoandika. Hiyo 550-5.7.26 imeshakwambia kila kitu: Gmail imeshindwa kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Ungeandika salamu tupu ingerudi vilevile. Rudisha alama zako za mshangao kama unazipenda.

Kinachokukuta kina historia. Utaratibu wa kupeleka imeili, SMTP, ni wa mwaka 1982, na haukuwekewa utambulisho: mtumaji anaandika jina lolote sehemu ya "From" na seva inalikubali. Walaghai wakaishi humo. Ulinzi ukaja kubandikwa baadaye, SPF kwanza, DKIM ikafuata 2007, DMARC 2012, na kwa miaka mingi ilikuwa hiari, kwa hiyo makampuni yanayouza hifadhi ya tovuti kwa bei ya chini hayakujisumbua kuviweka. Oktoba 2023 Google na Yahoo wakatangaza kwamba hiari imeisha, Februari 2024 wakaanza kubana. Microsoft nao wakaingia Mei 2025 kwa anwani za outlook.com, hotmail.com na live.com. Utasikia watu wakisema masharti hayo ni ya wanaotuma barua 5,000 na zaidi kwa siku. Yale makali, ndiyo. Lakini kwa Gmail kila mtumaji, hata wa barua tatu kwa siku, anatakiwa awe na SPF au DKIM inayopita.

Hivi vitu vitatu vinafanya nini:

SPF ni orodha unayoiweka kwenye DNS ya domeini yako (daftari la mtandaoni la rekodi za domeini), inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako. DKIM ni sahihi inayopigwa ndani ya kila barua; mpokeaji anaihakiki kwa ufunguo ulio wazi kwenye DNS yako. DMARC inafanya kazi mbili: inamwambia mpokeaji afanye nini barua ikishindwa, na inadai kwamba jina lililothibitishwa na SPF au DKIM liwe lilelile ambalo mgeni analiona kwenye "From". Hapo kwenye kulingana kwa majina ndipo wengi wanapoangukia. Ni kama kwenda benki na barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa: muhuri unaweza kuwa halali kabisa, lakini kama jina lililoandikwa si la aliyesimama dirishani, hafunguliwi akaunti.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Ofisi yako inatuma kwa njia tatu tofauti: sanduku la barua la ofisi, fomu ya tovuti, na jarida. Tuma moja kutoka kila njia kwenda kwenye Gmail yako binafsi. Ifungue kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu pembeni ya kitufe cha kujibu, chagua "Show original". Juu utaona mistari ya SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja na PASS au kitu kingine. Niletee matokeo ya zote tatu. Usipime moja ukadhani umepima zote. Niletee pia rekodi za TXT (za maandishi) zilizo kwenye DNS ya domeini yako kama zilivyo, ukificha jina ukipenda.

Kuhusu .com mpya: usinunue kwa sababu hii. Domeini iliyosajiliwa juzi haina historia yoyote, na vichujio vinaitilia shaka zaidi kuliko ya kwako iliyokaa miaka. .co.tz haina kosa lolote, na ukihamia .com bila kurekebisha haya utahama na tatizo lako.

Chalii, kwa magari mawili matatu Gmail ya bure inakutosha, sikatai. Ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, na huwezi kuipeleka kwenye huduma ya jarida ukaiweka kama "From", maana seva za watu wengine hazina ruhusa ya kutuma kwa jina la gmail.com. Na mgeni anayetuma dola elfu kadhaa kwa mtu asiyemjua, bara jingine, akiona gmail.com anafikiria mara mbili.

MamaUtalii_AR:

Kaka fundi_seva, Mungu akubariki. Nimefanya kama ulivyosema, mpwa wangu kanisaidia.

Sanduku la ofisi: SPF imeandika PERMERROR. DKIM haionekani kabisa. DMARC haionekani.

Jarida: SPF PASS na DKIM PASS, ila ukisoma pembeni jina lililotajwa ni la ile huduma, si letu.

Fomu: hapa kuna kioja. Nilijaza fomu kama mgeni kwa kutumia anwani yangu ya Yahoo. Haikufika popote, si inboksi, si spamu. Nikajaza tena kwa anwani ya domeini nyingine ya rafiki yangu, hiyo ikafika, na kwenye "From" imeandikwa anwani ya rafiki yangu kana kwamba ndiye aliyetuma.

Rekodi za TXT zenye neno spf ziko mbili:

v=spf1 +a +mx +ip4:192.0.2.10 ~all
v=spf1 include:_spf.google.com ~all

(Hiyo namba ya IP, yaani anwani ya seva, nimeibadilisha.) Ya Google ilikuja zamani tulipojaribu huduma yao kisha tukaiacha.

Jambo jingine: kotesheni yetu ya PDF ina picha nyingi za simba na tembo, inafika MB 9. Inachangia?

fundi_seva:

Safi sana. Mpwa wako apewe chipsi mayai.

Twende na sanduku la ofisi, ndilo linalokuletea hela. SPF inaruhusiwa rekodi moja tu kwa domeini. Zikiwa mbili mpokeaji hachagui iliyo nzuri. Anatangaza kosa la kudumu na kuziacha zote, na hiyo ndiyo PERMERROR yako. Futa ya Google, kwa kuwa hamuitumii. Baki na:

v=spf1 a mx ip4:192.0.2.10 ~all

Siku ukiongeza mtumaji mwingine, "include" yake inaingia ndani ya mstari huuhuu, hufungui wa pili. Kuna kikomo pia: maulizo ya DNS ndani ya SPF yasizidi 10. Kila "include", "a" na "mx" inahesabiwa, na "include" nyingine zina "include" zake tumboni. "ip4" haihesabiwi. Nimeona hoteli yenye mifumo ya kila aina imerundika mpaka ikapitiliza, SPF ikafa yote.

DKIM: ingia cPanel, tafuta "Email Deliverability", itakuonyesha rekodi inayotakiwa, kawaida jina lake linaanza na default._domainkey. Kama DNS yenu iko hapohapo, kuna kitufe cha kurekebisha, bonyeza imeisha. Kama DNS iko kwingine, unainakili kwa mkono, na hapo kuna mtego. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255, ambazo ndizo mwisho wa kipande kimoja cha maandishi ndani ya rekodi ya TXT. Lazima ugawanywe vipande viwili ndani ya alama za nukuu. Paneli nyingine zinakugawia zenyewe, nyingine zinaukata kimyakimya, halafu unakaa unashangaa kwa nini sahihi haikubaliki. Ukimaliza kubandika, ifungue tena usome herufi za mwisho kama zipo.

DMARC anza nayo kwa upole:

jina: _dmarc
thamani: v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@domeiniyako.co.tz

Hiyo "p=none" haizuii kitu. Inawaomba Google, Yahoo na wengine wakutumie ripoti ya nani anatuma kwa jina lako. Usirukie "reject" (itupwe kabisa) leo, utajifungia nje mwenyewe.

Sasa fomu, na hapa ndipo naamini umepoteza wageni usiowajua kabisa. Fomu yako imewekwa ijifanye mgeni: inaandika anwani ya mgeni kwenye "From" halafu inatuma kutoka seva yako. Yahoo waliweka sera ya "reject" tangu Aprili 2014, maana yake wameiambia dunia nzima kwamba barua yoyote yenye yahoo.com kwenye "From" isiyotoka kwao itupwe. Kwa hiyo kila mgeni wa Yahoo aliyejaza fomu yako, barua yake ilitupwa mlangoni. Yeye aliona "asante, tutakujibu", wewe hukuona kitu. Kotesheni iliyoingia spamu angalau ipo mahali. Hii haikuwahi kuwepo.

Dawa ni mipangilio tu. "From" iwe anwani yenu, mfano fomu@domeiniyako.co.tz. Anwani ya mgeni ikae kwenye "Reply-To". Ukibonyeza jibu inaenda kwa mgeni kama kawaida. Na WordPress isitume yenyewe moja kwa moja kutoka seva ya tovuti (kwa PHP). Weka programu-jalizi ya SMTP iingie kwenye sanduku halisi kwa nywila, ili barua za fomu nazo zipigwe sahihi ya DKIM. Halafu mwambie fundi aangalie kama tovuti inahifadhi nakala za fomu kwenye hifadhidata. Programu nyingi za fomu zinahifadhi. Kama zipo, una orodha ya watu waliokuandikia ukakaa kimya.

Jarida: hizo PASS ni za kampuni ya jarida, kwa hiyo majina hayalingani na DMARC haitapita. Ndani ya akaunti yako kuna sehemu ya kuthibitisha domeini; watakupa rekodi mbili tatu za CNAME (zinazoelekeza jina lako kwenye jina lao), uziweke kwenye DNS. Mimi ningelitoa jarida kwenye domeini ndogo, kama habari.domeiniyako.co.tz, ili watu wakilichoka lisiburuze kotesheni nalo.

Na hapa nikuulize kitu bila kukuzunguka. Hao maajenti kwenye orodha, walijiandikisha wenyewe?

PDF: MB 9 si kosa, Gmail inapokea hata kubwa kuliko hiyo. Lakini kiambatisho kikiingia kwenye imeili kinavimba kwa kama theluthi, na seva nyingi za makampuni zinaishia MB 10. Punguza picha ifike MB 2. Simba wataonekana tu.

MamaUtalii_AR:

Kuhusu maajenti… kuna wa kwenye maonyesho ya utalii waliotupa kadi zao, na kuna orodha ya maajenti wa Ulaya tuliuziwa na kijana fulani kwenye Excel. Wale wa Excel ndio wengi.

fundi_seva:

Ndiyo niliyokuwa naihofia.

Google anataka malalamiko ya spamu yakae chini ya 0.1%, na yasifike 0.3%. Watu wanaisoma hiyo namba haraka haraka bila kuipigia hesabu. Kati ya barua 1,000 zilizoingia inboksi za Gmail, watatu tu wakibonyeza kitufe cha kuripoti, umefika mpakani. Ajenti wa München ambaye hajawahi kukusikia anabonyeza bila kuwaza, kwake wewe ni mtu wa kumi asubuhi hiyo. Orodha za kuuziwa pia zina anwani zilizokufa, na nyingine zimewekwa kama mitego: hazina mwenyewe, hazijajiandikisha popote, ukizitumia tu umeshajianika kwamba orodha ni ya kununua. SPF yako ikiwa safi ndiyo inawarahisishia kujua ni wewe.

Na kuna sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inagusa matangazo ambayo mtu hakuyaomba, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023. Wajerumani wana zao, kali zaidi, na wanazipenda.

Futa Excel yote. Usiipunguze, ifute. Wale wa kadi waandikie mmoja mmoja kwa mkono, uwaulize kama wanataka jarida. Kwa watakaobaki, hakikisha huduma yako inaweka kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja, kile kinachotokea juu kabisa pembeni ya jina la mtumaji. Wamiliki wa biashara wanakiogopa. Mtu asiyeona pa kujiondolea anabonyeza spamu, na huo ndio mbofyo unaokuumiza.

Kipepeo_Znz:

Naomba kuingilia. Mimi nasimamia nyumba ya wageni Paje. Mgeni wetu alipokea barua yenye jina letu na nembo yetu ikimwambia benki imebadilika, atume malipo akaunti mpya. Akatuma. Hii DMARC ingezuia?

fundi_seva:

Inategemea barua ilitoka wapi, na ziko njia tatu.

Kama mlaghai aliandika domeini yenu halisi kwenye "From" huku akituma kutoka seva yake, hiyo DMARC ya "reject" inaizuia kwa wapokeaji wanaoifuata, na Gmail, Yahoo na Microsoft wamo. Kama alisajili domeini inayofanana, kaongeza herufi moja au kaweka .com badala ya .co.tz, DMARC yenu haimhusu. Hiyo ni domeini yake na anaweza kuwa na PASS zote tatu.

Ya tatu ndiyo mbaya: ameingia kwenye sanduku lenu lenyewe. Alijuaje mgeni yupi anadaiwa, kiasi gani, na tarehe gani? Kama alivijua hivyo, mimi ningeanza kukagua huko. Fungua mipangilio ya sanduku, tafuta kanuni za kuchuja na za kupeleka barua mbele. Wanapenda kuacha kanuni inayohamisha barua zenye neno "payment" au "bank" kwenye folda isiyoangaliwa na mtu, ili majibu ya mgeni msiyaone. Badilisheni nywila, wekeni uthibitisho wa hatua mbili. Na kwenye kila kotesheni, kuanzia ya kwanza, andikeni kwamba namba ya akaunti haibadilishwi kwa imeili, na mgeni akiona mabadiliko apige simu kwa namba iliyo kwenye tovuti.

Kipepeo_Znz:

Alijua kiasi na tarehe. Naenda kuangalia sasa hivi.

MamaUtalii_AR:

Wakuu, narudi na mrejesho.

Gmail: PASS tatu kwa ofisi, kwa fomu na kwa jarida. Kotesheni za wiki hii zimeingia inboksi, nimewauliza wageni wenyewe. Excel nimeifuta, iliniuma. Kwenye hifadhidata ya tovuti tumekuta fomu nyingi za watu wa Yahoo. Wengi tarehe zao za safari zilishapita, ila wawili wamejibu na mmoja anataka Lemosho Septemba.

Hotmail bado inarudisha, S3150 ileile. Halafu ripoti za DMARC zimeanza kuja, ni mafaili ya zip yenye XML, siyaelewi. Mpwa wangu kaniambia kuna IP moja ngeni inatuma kwa jina letu kila siku na inashindwa zote. Nimedukuliwa?

Bandarini_Msa:

Ngoja, kabla hujapaniki. Umeuliza mfumo wa ankara? Yangu ndiyo ilikuwa hivyo. Nimesoma uzi huu nikaenda kutazama ripoti zetu, IP ngeni ikawa ya programu ya hesabu tunayolipia, inatuma risiti kwa jina letu bila ruhusa yoyote kwenye DNS.

fundi_seva:

Bandarini kanitangulia, na nadhani yuko sahihi. Chukua hiyo IP, itafute jina lake kwa kuangalia rekodi ya PTR, zipo tovuti nyingi za bure za kufanya hivyo. Ikirudisha jina la kampuni ya mfumo wa kuhifadhi nafasi au wa hesabu mnayoijua, si mdukuzi, ni mfanyakazi wenu wa tano mliyemsahau. Ingia kwenye mfumo huo mtafute pa kuwashia DKIM ya domeini yenu. Kama haina, iambieni itume kwa anwani yake yenyewe na "Reply-To" iwe yenu. Mpaka hapo patulie, DMARC ibaki "none". Ripoti zikionyesha watumaji wenu wote wanapita, panda "quarantine" (zinazoshindwa ziende spamu), kaa hapo kwa muda, ndipo uende "reject". Ajenti akipeleka barua yako mbele kwa mteja wake, SPF itavunjika njiani kwa sababu seva imebadilika; DKIM ndiyo itakuokoa kama hawajagusa maandishi. Ndiyo maana nilikukazania DKIM.

XML usiisome kwa macho. Kuna huduma za bure kwa domeini moja: unaweka anwani yao kwenye "rua", wanakuchorea jedwali.

Hotmail ni habari nyingine. S3150 haihusu domeini yako, inasema IP ya seva, au mtandao mzima iliyomo, iko kwenye orodha ya kuzuiwa ya Microsoft. Kifurushi chako cha bei nafuu kinagawana IP moja na mamia ya tovuti za watu wengine. Mmoja wao akidukuliwa akatuma takataka usiku kucha, mnaadhibiwa wote. Iangalie IP hiyo kwenye Spamhaus pia (shirika linalotunza orodha za IP zinazotuma spamu). Mwenye kuomba itolewe ni mwenye IP, yaani kampuni inayokuhifadhia tovuti: kuna fomu ya Microsoft ya watumaji, waijaze wao. Waandikie leo, uwawekee barua iliyorudi nzima pamoja na vichwa vyake (ile mistari ya kiufundi ya juu), usiwaelezee kwa maneno yako. Uliza swali moja la ziada: kama wana IP ya kukutengea peke yako, na kama PTR yake itaelekezwa kwenye jina la seva linalorudi kwenye IP ileile.

Wakikujibu ndani ya wiki, baki nao. Wakikuambia "futa cache ujaribu tena", hamisha masanduku ya barua tu upeleke Google, Microsoft au Zoho, tovuti iache ilipo. MX (rekodi zinazosema barua zako zipokelewe wapi) zinabadilika, SPF unaongeza "include" ya huko ndani ya mstari uleule, DKIM mpya inawashwa kwenye paneli yao. Si lazima watu wote wanne wawe na sanduku la kulipia. Anza na lile la kotesheni na la kwako.

MamaUtalii_AR:

PTR imerudisha jina la mfumo wa hesabu. Afadhali. Kampuni ya tovuti nimewaandikia na barua iliyorudi nimeiambatisha yote. Wamejibu kwamba tiketi imefunguliwa.

Bandarini_Msa:

Hapo kwa tiketi ndipo mimi nilikaa mwezi. Dadangu, anza kupiga hesabu ya yale masanduku mawili.